Ukurasa Unaokwenda: Namna ya Kupima Katuni za Kale za Mashujaa wa Marekani

Action Comics namba 1, kitabu kilichomtambulisha Superman, kilitoka na tarehe ya Juni 1938 kwenye jalada na kiliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2014 nakala yake moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2. Nakala za bei hiyo hufungiwa ndani ya plastiki ngumu, na mwenye nayo akitaka kuisoma hana budi kuivunja plastiki hiyo. Soko hupima kona za jalada, weupe wa karatasi na uchache wa nakala zilizosalia, basi. Anayetaka kujua nani alikuwa fundi na nani alikuwa akijaza kurasa apate ujira wake, atafute kipimo kingine.

Mimi huanza na swali moja: ukurasa unakwenda au umesimama? Vitabu hivi vilitengenezwa mbiombio. Katika studio ya Will Eisner na Jerry Iger mjini New York, iliyoanza mwaka 1936, kazi ilipita mikononi mwa wengi: huyu anaandika, yule anachora kwa penseli, wa tatu anapaka wino, wa nne anaandika herufi. Kilichotoka kilichapwa kwa rangi nne juu ya karatasi duni ya gazeti. Ukiingia humo kutafuta picha za kutundika ukutani, utakata tamaa upesi na utawapita mafundi bila kuwatambua. Kazi yao ilikuwa kulishika jicho la msomaji na kulipeleka kisanduku hadi kisanduku.

Ziba maneno

Funika viputo vya mazungumzo na maelezo yote, usome picha peke yake. Ukielewa nani anamfukuza nani, na nini kimebadilika tangu kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho, umempata mchoraji anayesimulia. Kisha geuza: soma maneno bila kutazama picha. Yakikutosha, picha ni pambo tu. Kosa la kawaida la miaka ile ni mambo kusemwa mara tatu: maelezo yanatangaza kwamba shujaa anavunja mlango, picha inaonyesha mlango ukivunjika, na shujaa mwenyewe anatamka kwamba anauvunja.

Joe Shuster, mchoraji wa Superman, hakuujua mwili wa binadamu kama Alex Raymond, aliyechora Flash Gordon magazetini. Lakini tazama alichofanya na mwandishi wake, Jerry Siegel. Chimbuko la shujaa, kuanzia sayari inayoangamia hadi utu uzima wake, limekwisha katika ukurasa mmoja. Ukiufungua wa pili, tayari ni usiku, naye anakwenda mbio na mwanamke aliyefungwa kamba, anawahi nyumbani kwa gavana ili mtu asiye na hatia asiuawe. Tumefikaje hapa? Tutaelezwa njiani. Hadithi hiyo iliandaliwa kwanza kwa ajili ya magazeti, ikabidi visanduku vikatwe na kubandikwa upya vitoshe kurasa za kitabu. Viraka vinaonekana, ila hakuna ukurasa uliolala.

Wachoraji wengi wa wakati huo waliiba mikao kutoka kwa Raymond. Mkao wa kuiba hujulikana: mwili umenyooka vizuri, lakini uzito haupo miguuni, na macho yanatazama upande asiko adui.

Ngumi inaanzia wapi?

Captain America Comics namba 1, ya Joe Simon na Jack Kirby, ina tarehe ya Machi 1941 lakini ilifika mitaani Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla ya shambulio la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani vitani. Jaladani shujaa anamtandika Hitler ngumi ya uso. Siasa ya picha hiyo imeandikwa sana. Wewe chunguza mwili. Kwa Kirby, ngumi haianzii mkononi. Inaanzia mguu wa nyuma, inapanda kiunoni, inazunguka begani, na anayepigwa anang’oka mahali pake. Mchoraji wa kawaida hunyoosha mkono, akaweka nyota pale unapogota, akaridhika.

Kirby pia aliwaacha watu wake watoke nje ya mipaka ya visanduku, na hilo liliigwa mno. Hapa kuwa mkali. Mpaka ukivunjwa, uliza ni nguvu gani imeuvunja. Kwa waigaji, visanduku vya duara na vya meno ya msumeno viligeuka urembo, na msomaji akabaki anatafuta kisanduku kinachofuata. Ukilazimika kusimama kutafuta njia, mchoraji ameshindwa, hata kama kila picha ni nzuri.

Rangi yenye kazi

Rangi nne juu ya karatasi inayofyonza wino hazikuruhusu madaha. Fundi alizitumia kama ishara. Mfano bora ni Plastic Man wa Jack Cole, aliyeanza katika Police Comics namba 1, Agosti 1941. Ni mwizi wa zamani aliyemwagikiwa tindikali, mwili wake ukawa wa kunyumbuka. Cole humgeuza zulia, kiti au taa, bila kumwondolea vazi lake jekundu. Msomaji akiingia chumba chenye majambazi, jicho lake linaanza kusaka kitu chekundu, na akikiona anajua siri ambayo majambazi hawaijui. Kicheko na taharuki vimepatikana kwa wino mmoja. Tena mwili huo mrefu, ukipita katikati ya watu na samani, unakuwa njia ya jicho kuufuata ukurasa.

Nguvu na mpaka wake

Shujaa anayeweza kila kitu huua taharuki, kwa hiyo mwandishi hupimwa kwa kikwazo anachokibuni. Katika vitabu vya kampuni ya Fawcett, mwandishi Otto Binder na mchoraji C. C. Beck walimwandalia Captain Marvel hadithi ya sura 25, iliyoendelea kutoka 1943 hadi 1945. Adui mkuu, Mister Mind, alisikika kwa sauti tu katika sura za mwanzo. Alipojitokeza, alikuwa kiwavi mwenye miwani. Mtu wa kubomoa milima anahangaishwa na kitu asichoweza hata kukiona! Uchoraji wa Beck, wa mistari michache na safi, ndio ulioufanya mzaha huo uaminike.

Eisner alikwenda mbali zaidi katika The Spirit, nyongeza ya magazeti iliyoanza Juni 1940. Hadithi yake ya Septemba 1948 inamhusu Gerhard Shnobble, mtu wa kawaida anayeweza kuruka angani. Siku anayoamua kuuonyesha ulimwengu, risasi iliyopotea inamwua angani, na hakuna hata mmoja aliyemwona akiruka. The Spirit mwenyewe, shujaa wa nyongeza hiyo, amekuwa mpita njia tu. Yote hayo kwa kurasa saba.

Hesabu sura za watu

Kipimo hiki wahakiki wengi hukiweka pembeni kama suala la maadili peke yake. Mimi nakihesabu pia kuwa cha ufundi. Eisner huyo huyo, aliyempa kila kibaka wa Kizungu pua yake na mwendo wake, alimchora Ebony, kijana Mweusi wa The Spirit, kwa midomo ya dhihaka iliyookotwa kwenye vichekesho vya majukwaani. Kampuni ya Fiction House ilimtoa Sheena katika Jumbo Comics mwaka 1938: mwanamke wa Kizungu anayetawala msitu wa Afrika, na Waafrika nyuma yake ni umati usio na majina. Msomaji wa kwetu ataliona hilo kabla ya jambo lolote. Asilisamehe kwa sababu ya zama, na asilitumie kufuta mengine yote. Mchoraji aliyechora sura moja kwa watu mia hakuwatazama, na asiyetazama amekosa sharti la kwanza la kazi yake.

Pa kuanzia

Anza na The Spirit ya baada ya vita, kisha Plastic Man, halafu ile hadithi ya kiwavi. Ukitaka vituko visivyo na mashujaa wa ajabu, soma Two-Fisted Tales ya Harvey Kurtzman, iliyoanza mwaka 1950. Yeye aliwapangia wachoraji wake kila ukurasa, nao walitakiwa kuufuata. Chagua matoleo yaliyopigwa picha kutoka kurasa halisi zilizogeuka manjano. Rangi mpya kwenye karatasi nyeupe inayong’aa hupiga kelele, maana rangi za asili zilichaguliwa kwa kujua kwamba zitafyonzwa.

Soma kila hadithi mara mbili. Mara ya kwanza nenda kwa kasi ya mtoto. Mara ya pili simama kwenye kisanduku cha mwisho cha kila ukurasa wa kulia, kabla hujaufungua, ujiulize ni nini kinachokulazimisha kuufungua. Kama huna jibu, kirudishe kitabu rafuni na uchukue kingine.