Gome la Sogoet na Muda wa Kukaa Tumboni

Gome la sogoet, mti ambao Wamaasai huuita osokonoi na wanasayansi Warburgia ugandensis, huwasha ulimi kama pilipili. Ukali huo unatokana na poligodiali na kemikali za jamii yake, ambazo maabara zimeonyesha zinaua kuvu. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mabishano huwa kama gome hilo linatibu vidonda vya tumbo. Mimi nauliza kwanza linakaa tumboni kwa muda gani.

Mchuma chai akinywa kikombe cha dawa ya kuchemsha alfajiri, kabla ya kutia chochote mdomoni, sehemu kubwa huteremka utumboni kabla nusu saa haijaisha. Bakteria anayesababisha vidonda vingi, Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na Robin Warren na Barry Marshall nchini Australia, hujichimbia chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Dawa inayopita mbio haimpati kirahisi.

Ndiyo maana naiheshimu desturi ya kuchemshia gome kwenye supu ya mifupa. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, tumbo hupunguza kasi ya kujimwaga. Tena tumbo tupu hujifagia kwa wimbi kubwa kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, na chakula hulituliza wimbi hilo.

Wafamasia hutafuta muda huohuo kwa kidonge kinachoelea. Dondoo la mmea huchanganywa na gundi inayovimba ikilowa, pamoja na bikaboneti ya sodiamu. Asidi ya tumbo ikiigusa bikaboneti, hewa ya kaboni dioksidi hutoka na kunaswa ndani ya gundi, kidonge kikapanda juu. Maabara hukitumbukiza kwenye asidi ya haidrokloriki yenye joto la nyuzi 37, kisha hupima kimechukua muda gani kuelea, kimebaki juu saa ngapi na kimetoa dawa kiasi gani kila saa. Hata hicho humezwa baada ya kula, la sivyo wimbi lilelile hukifagia.

Ila kuifikisha dawa mahali pake hakuifanyi kuwa salama. Miaka ya 1960 Uingereza ilitumia kabenoksoloni, iliyotokana na mzizi wa likorisi, na kwa vidonda vya duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, ikaundiwa kapsuli ya kupasukia kwenye lango la kutokea tumboni. Iliwasaidia wengi, lakini ilipandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini. Simetidini, dawa inayopunguza asidi ya tumbo, ilipoingia sokoni mwaka 1976, kabenoksoloni ikaanza kuachwa.

Supu ya sogoet inaongeza muda, kipimo haina. Gome la shina kuukuu na la tawi changa hayalingani nguvu, na sufuria haisemi kilichotoka ni kiasi gani. Basi usiifanye mbadala wa matibabu. Kapimwe Helicobacter pylori, umalize dawa ulizoandikiwa, na umwambie daktari mitishamba unayokunywa. Ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda hospitalini saa hiyohiyo.