Heko kwa Waashi wa Roma

Mwaka 271, baada ya makabila ya Kijerumani kuivamia Italia, Kaisari Aurelianus aliamuru Roma izungushiwe ukuta. Askari walihitajika vitani, hivyo kazi wakapewa vyama vya mafundi wa mjini. Wakajenga kilomita 19 hivi: zege ndani, matofali nje, mnara kila baada ya mita 30 hivi. Walikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayonifurahisha. Majengo kadhaa makubwa yaliyowazibia njia hawakuyabomoa, bali waliyaunganisha na ukuta: piramidi ya kaburi la Cestius, kambi ya walinzi wa Kaisari, hata matao ya mfereji wa maji. Ubahili wa kifundi huo! Mwaka 1870 jeshi la Italia bado lilihitaji mizinga kuutoboa ukuta huo karibu na lango la Porta Pia.