Jina Lililotangulia Ushahidi: Uhakiki wa Usomaji wa Henri Breuil kuhusu Mchoro wa Brandberg

Katika kitabu chake cha mwaka 1955, The White Lady of the Brandberg, Henri Breuil anauchukulia mchoro mmoja wa mwambani, uliomo katika korongo la Tsisab nchini Namibia, kuwa picha ya mwanamke mwenye asili ya nchi za Mediterania. Mchoro huo wenye kimo cha takribani sentimeta 40, katika mlima ulio ukingoni mwa jangwa la Namib, ulinakiliwa na mpima ardhi Mjerumani Reinhard Maack mwaka 1918. Breuil aliiona nakala mwaka 1929, akaamua asili ya mhusika, kisha akafika penyewe mwaka 1947. Mfuatano huo una uzito wake: hukumu ilitangulia ushahidi.

Hoja ya Breuil imejengwa juu ya weupe wa miguu na umbo la uso, ambavyo anavilinganisha na michoro ya kasri la Knossos, kisiwani Krete. Inayumba mara tu mhusika anaporudishwa katika msafara wake. Hayuko peke yake. Amezungukwa na watu na wanyama, na mkononi ana upinde. Watafiti wa baadaye wamemtambua kuwa mwanamume, na weupe wake kuwa rangi ya kujipaka, huenda kwa ajili ya ibada. Michoro yenyewe inahusishwa na wawindaji, mababu wa Wasan.

Kiswahili kingeweza kumweleza mhusika huyu tangu mwanzo hadi mwisho (anatembea, ameshika upinde, amejipaka) bila kumpa jinsia wala taifa. Vyote viwili vinaingizwa na jina, na jina ndilo msomaji analokutana nalo kwanza, jaladani.

Athari zake hazikuishia vitabuni. Umaarufu ulivuta wageni waliomwagia mchoro maji na vinywaji ili rangi zing'ae, hadi ukawekewa uzio. Kinyume chake, Harald Pager alitumia miaka ya 1977 hadi 1985 kunakili takribani picha 43,000 katika sehemu za juu za mlima huohuo, bila kuteua moja iwe malkia wa nyingine. Kazi hiyo inajulikana zaidi kwa wataalamu. Watalii, hadi leo, huelekezwa korongoni kwa jina alilolieneza Breuil.