Sauti za Wanawake wa TANU: Namna Zilivyoingia Katika Historia

Mwezi wa Juni 1955, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alikutana mjini Dar es Salaam na viongozi wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika. Chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Mgeni akauliza habari za wanawake: wako wapi, na nani anawaongoza? Wanaume waliokuwa pale hawakuwa na mtu wa kumwonyesha. Swali hilo ndilo lililowapeleka kubisha hodi kwa dereva wa teksi aitwaye Boi Selemani, wakamwomba ruhusa mkewe afanye kazi ya chama. Mkewe alikuwa Titi Mohamed, mzaliwa wa 1926, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Kufika Oktoba mwaka huohuo, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi.

Habari hii sasa inasimuliwa kila mara inapofika sikukuu ya Uhuru, na barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina la Bibi Titi. Lakini kwa miaka mingi haikuwa hivyo. Mtu aliyetaka kujua kadi 5,000 ziliuzwaje ndani ya miezi michache asingepata jibu kwenye kitabu chochote. Jibu lilikuwa vifuani mwa akina mama wenyewe. Makala haya yanahusu ufundi wa kulitoa huko, kwa sababu ufundi huo bado tunauhitaji.

Kwanza tuone kwa nini karatasi zilishindwa. Mwanahistoria wa miaka ya sitini na sabini alitegemea mafaili ya mabwana shauri, taarifa za polisi, magazeti na kumbukumbu za vikao vya chama. Mwanamke wa Kariakoo au Temeke aliyekuwa akiuza vitumbua, akipangisha chumba kimoja cha nyumba yake na kucheza ngoma ya lelemama jioni, hakuandika barua kwa serikali, wala serikali haikumwandika. Hata daftari la wapiga kura halikumjua. Katika uchaguzi wa 1958, aliyeruhusiwa kupiga kura alikuwa mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kinachotambuliwa. Fikiri maana yake. Wanawake waliojaza viwanja vya mikutano, waliopika, waliolaza wageni na kuchangisha senti, wengi wao siku ya kura walibaki nje ya mstari. Mtafiti akifuata daftari, hawapo. Akifuata kumbukumbu za vikao, anaona majina ya wanaume waliojua kusoma. Hakuna aliyekaa akapanga kuwafuta wanawake hawa. Zilitumika nyaraka zilizokuwapo, na nyaraka hizo zilikuwa zimekwisha kuwaacha.

Mwaka 1984 Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuja Dar es Salaam na kinasa sauti. Alianza na wanawake wa Dar, kisha katika miaka iliyofuata akaenda Moshi na Mwanza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997 kwa Kiingereza, kikihusu wanawake wa TANU na nafasi ya jinsia na utamaduni katika kujenga utaifa wa Tanganyika kati ya 1955 na 1965. Mimi nakihesabu miongoni mwa vitabu vichache vilivyobadilisha kweli namna tunavyoielewa TANU, na nguvu yake inatokana na njia alizozitumia kuliko na wingi wa habari.

Njia ya kwanza ni mahali pa kuanzia. Mhoji wa kawaida angeanza na chama: mama, ulijiunga lini, kwa nini, ulikuwa na cheo gani? Maswali hayo yana kasoro kubwa, kwa sababu yanamfanya msimulizi ajipime kwa kipimo cha chama. Mwanamke asiyekuwa na cheo atajibu kwa sentensi mbili na kunyamaza, na mhoji ataondoka akiamini kwamba mama huyu hakuwa na la kusema. Geiger aliomba maisha mazima: kuzaliwa, wazazi, unyago, shule kama ilikuwapo, ndoa ya kwanza na ya pili, riziki, mashoga, ngoma. TANU iliingia pale ilipoingia katika maisha ya mama huyo, ikikuta mambo mengine yamekwisha kuwapo.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ukiyasikiliza maisha kwa mpangilio huo, unagundua kwamba wengi wa wanawake waliokuwa mstari wa mbele walifanana: Waislamu wa mjini, watu wazima waliopita ujana, wenye elimu ndogo au wasio nayo, wengi wamewahi kuachika au kufiwa, wenye biashara ndogo inayowapa senti zao wenyewe. Hakuna mtafiti ambaye angeuliza, kabla ya habari za TANU, "mama, ulikwisha kuachika?" Lakini hapo ndipo penye siri. Mwanamke mwenye fedha yake na asiye na mume wa kumzuia aliweza kuzunguka usiku kwenye mikutano. Na wale wenye waume? Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani alikuwa na kazi ya kupoteza, mkewe hakuwa nayo. Wapo waliokata kadi wakazificha ndani ya nyumba, hata waume zao wasijue. Mambo kama hayo bwana shauri asingeweza kuyaandika katika taarifa yake ya mwezi.

Njia ya pili ilikuwa kuichukua ngoma kwa uzito wake. Hapa nataka tukae kidogo, maana lugha yenyewe inatusaidia. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe, na pia ni chama cha watu. Kikundi cha ngoma cha wanawake wa pwani kilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake, wapinzani wake, na wajibu wa kuzikana na kufaana harusini. Mzaramo, Mmanyema, Mngindo na Mngazija walikuwa ndani ya kikundi kimoja wakiimba Kiswahili kimoja. Macho ya serikali yaliona burudani. Wanachama waliona mtandao. Bibi Titi alipopewa kazi ile hakuanza kwa kubisha mlango kwa mlango; aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kiongozi mmoja akikubali, wenzake wote wanakuja nyuma yake. Kadi 5,000 ziliuzwa kupitia njia zilizokuwa zimechimbwa miaka mingi kabla TANU haijaanzishwa Julai 1954.

Kutokana na hilo Geiger alifika kwenye dai lake kubwa: wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na wasomi. Hali ya kuishi pamoja kuvuka makabila, kwa lugha moja, tayari ilikuwa maisha yao, na TANU iliikuta. Wengine wanaona dai hili limetiwa chumvi, kwamba bila Nyerere na wenzake, ngoma zingebaki ngoma. Nami nakubali kwamba mtandao bila lengo hauung'oi ukoloni. Lakini lengo bila mtandao lingebaki kwenye ofisi ya TANU ya New Street, na kitu kilichokosekana katika vitabu vya awali kilikuwa nusu hii ya pili.

Njia ya tatu ni kutokubali shujaa mmoja. Bibi Titi alikuwa na sauti inayoweza kujaza kitabu peke yake, na masimulizi yake ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa. Ila Geiger alimweka katikati ya wenzake: Tatu binti Mzee na Halima Hamisi wa Dar es Salaam, Halima Selengia Kinabo wa Moshi, Agnes Sahani wa Mwanza, na wengineo, kila mmoja kwa jina lake. Maisha ya mtu mmoja hayathibitishi mengi, kwa kuwa kila mtu hukumbuka akiwa katikati ya hadithi yake. Yakiwekwa maisha kumi kando kwa kando, yanayojirudia huonekana, na yasiyolingana pia huonekana. Kiswahili kinaongeza hapo jambo ambalo mchambuzi hapaswi kulipita: msimulizi anapohama kutoka "nilikwenda" hadi "tulikwenda". Kwa mama wa pwani "tu" yaweza kuwa kundi zima, na yaweza kuwa adabu ya mtu asiyetaka kujikweza. Anayenukuu kanda lazima aulize: mama, mlikuwa wangapi?

Kulinganisha mahali kulisaidia pia kuzuia kosa la kuifanya Dar es Salaam kuwa Tanganyika nzima. Moshi palikuwa na siasa za Wachagga na Mangi Mkuu Thomas Marealle, kahawa na makanisa. Mbinu ya ngoma haikupanda mlimani kama ilivyoenea Kariakoo. Katika Jimbo la Ziwa serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958, kwa hiyo mwanamke wa Mwanza aliyefanya kazi ya chama miaka hiyo alifanya kazi iliyokatazwa. Neno "mwanachama" halikuwa na uzito uleule katika miji hiyo mitatu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Akina mama hawa walisema Kiswahili, na ulimwengu ukawasikia kwa Kiingereza. Geiger alijua Kiswahili, na kazi yake aliifanya kwa heshima. Simlaumu kwa kuandika kwa lugha ya chuo chake. Lakini tazama kinachopotea. Ngoma ikigeuzwa kuwa neno lenye maana ya kucheza tu, hoja nzima ya kitabu inabidi ijengwe upya kwa maelezo. Heshima, somo, kungwi, shoga: kila moja linabeba uhusiano wenye wajibu wake, na kwa lugha nyingine linabaki tupu. Hata kitabu kama hiki kikirudishwa katika Kiswahili, msomaji anapata Kiswahili cha mfasiri. Kiswahili cha Bibi Titi kimo kwenye kanda.

Mfano mzuri upo Mombasa. Margaret Strobel na Sarah Mirza walirekodi maisha ya wanawake watatu wa mji huo, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1989, kisha mwaka 1991 yakatolewa masimulizi kwa Kiswahili, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wajukuu wa Mombasa wanaweza kusoma namna bibi alivyosema, na msomi anayebisha tafsiri anaweza kwenda kwenye maneno yenyewe. Kwangu hicho ndicho kipimo. Kazi ya historia simulizi ambayo haikuacha maneno ya msimulizi katika lugha yake imeishia katikati ya safari.

Udhaifu wa pili hauna dawa nyepesi, nao ni wakati. Mahojiano ya 1984 yalikuja karibu miaka 30 baada ya matukio, na katika hiyo miaka 30 mengi yalipita. Umoja wa wanawake, UWT, uliundwa 1962, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1965 akashindwa katika kiti cha ubunge Rufiji. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alijiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU, kwa sababu Azimio liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, naye alikuwa nazo. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Mwanamke aliyepita hayo, akikumbuka 1955, hakumbuki kama aliyekuwa bado kwenye jukwaa. Anajua mwisho wake. Na nchi ilikuwa bado ya chama kimoja. Mhoji mwenye busara hachukulii kinachosemwa kama picha ya 1955 tu. Anasikiliza pia 1969 ikizungumza ndani yake, na anaheshimu pale msimulizi anaposimama asiendelee. Kimya kwenye kanda nacho huandikwa: mahali kilipo, baada ya swali gani, kwa muda gani.

Mwaka 1991, katika miaka 30 ya Uhuru, Bibi Titi alitajwa tena hadharani kwa heshima. Alifariki Novemba 2000, na Geiger mwaka uliofuata. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini bendera ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961 sasa wamepita themanini. Nyuma yao wako wale wa baadaye: makatibu kata wa UWT, wanawake wa kwanza kugombea udiwani vyama vingi viliporudi mwaka 1992, akina mama walioongoza vikundi vya maji na vikoba na kamati za shule bila kuitwa wanasiasa. Wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama yuko mama wa namna hiyo nyumbani kwenu au mtaani kwenu, nenda na simu yako. Mwombe ruhusa kwanza, na mweleze sauti itakaa wapi. Anza na utoto wake, uache chama kije chenyewe. Mwulize ngoma zake, mashoga zake, senti zake alizipata wapi. Mwulize "tu" ilikuwa nani na nani. Andika tarehe, mahali na majina, yaandike maneno kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha, weka nakala mbili sehemu mbili, na moja mwachie yeye.