Usianze na springi: uhakiki wa ushauri wanaopewa wenye Datsun 240Z

Leo hatuhakiki kitabu wala filamu. Tunahakiki ushauri, tena ule ambao karibu kila mpenda magari atakupa bila hata kufikiri: una gari la zamani la michezo na hela kidogo? Lishushe, litie springi ngumu, mengine utafanya baadaye. Nimeusikia gerejini, nimeusikia kwenye korido za chuo, na kibaya zaidi nimewahi kuutoa mimi mwenyewe. Niliyempa ni mjomba wangu, na hela iliyokwenda na maji ilikuwa yake.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Kwa msiolijua: viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, uzito wa tani moja na kidogo. Huku kwetu si mgeni. Ndilo lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Ishike hiyo kichwani, tutairudia.

Mjomba alikuwa na shilingi milioni mbili na hakuna ya nyongeza, maana Januari ilikuwa inakuja na ada zake. Mimi, mwanafunzi wa uhandisi niliyejiona najua, nikamshauri anunue seti ya koilova za bei nafuu: shokapu na springi zilizokuja pamoja, zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari. Hela ikaishia hapo. Kwenye picha gari lilipendeza sana. Barabarani, kila tukifika kwenye rasta nyuma ilikuwa inarukaruka kwenda pembeni, shangazi akapanda mara moja tu akasema basi. Na ule mlio wa "gong'o gong'o" uliotufanya tuanze kazi yote hii? Ulikuwepo vilevile. Haukuwahi kutoka kwenye springi.

Sasa tuufungue ushauri wenyewe tuone umekosea wapi.

Kosa la kwanza ni kulichukua neno "ngumu" kama sifa. Springi haina ubora wa kuwa ngumu, ina ugumu unaolingana au usiolingana na uzito inaoubeba. Tuchukue namba rahisi za mahesabu (si za kitabu cha gari, ni za kutusaidia kuelewa). Gurudumu moja limebeba kilo 250, na springi inahitaji Newton 20 kwa kila milimita inayobonyea. Gari likisimama tu, springi hiyo imebonyea kama sentimita 12. Ukilisukuma likacheza, litapanda na kushuka mara 1.4 kwa sekunde, si mbali na mdundo wa mtu anayetembea polepole. Mwili wetu umeuzoea mdundo huo tangu utotoni.

Fanya springi iwe ngumu mara mbili. Mtikisiko hauongezeki mara mbili, kwa sababu unafuata kipeuo cha pili cha ugumu. Unafika mara 2 kwa sekunde. Mtu akiona hivyo anasema si mbaya. Lakini angalia kitu kingine: sasa gari likisimama springi imebonyea sentimita 6 tu. Maana yake gurudumu likiingia kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya hapo, springi inaishiwa na cha kusukuma, na tairi linabaki linaning'inia hewani. Tairi lililo hewani halishiki kona, halifungi breki, halifanyi lolote.

Niwe mkweli: kwenye njia ya mashindano iliyo laini kama meza, springi ngumu zina kazi yake. Gari linalala kidogo kwenye kona, na matairi yanabaki yamekaa wima zaidi barabarani. Ushauri huu ulizaliwa kwenye njia za namna hiyo na huko hauna ubaya. Ubaya unaanza pale unapobebwa kama dawa ya kila ugonjwa mpaka kwenye barabara yenye matuta, rasta na viraka.

Kosa la pili linanikera zaidi kwa sababu ni la fizikia ya kidato tu. Watu wananunua springi ngumu na kuziweka juu ya shokapu zilezile. Springi inahifadhi nishati, haiimalizi. Kazi ya kuimaliza ni ya shokapu, ambayo inalazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo, na nishati ya mtikisiko inageuka joto. Kiasi cha kuzuia kinachotakiwa kinategemea springi: springi ikiwa ngumu zaidi, shokapu ileile inakuwa dhaifu kwake. Kwa mfano wetu, tuseme shokapu nzima ina uwezo wa asilimia 30 ya kile ambacho kingezima mtikisiko bila kuruhusu hata mruko mmoja wa pili. Gari likipigwa tuta, mruko unaofuata unakuwa na asilimia 14 tu ya ukubwa wa ule wa kwanza. Weka springi ngumu mara mbili bila kugusa shokapu, na mruko unaofuata unakuwa asilimia 26. Umelipa hela ili gari lako la michezo lirukeruke karibu mara mbili ya mwanzo.

Na shokapu iliyochoka, iliyobaki na asilimia 10? Mruko wa pili ni asilimia 53 ya wa kwanza. Hapo ndipo magari mengi ya zamani yalipo, na mwenye gari hajui kwa sababu uchovu wa shokapu unakuja taratibu kama uzee.

Utaniambia mbona kuna kipimo cha kubonyeza boneti na kuachia. Kipo, na kina kasoro. Kinamkamata maiti tu. Ukibonyeza kwa mkono shokapu inakwenda polepole, wakati tuta linaisukuma kwa kasi kubwa, na valvu zinazofanya kazi kwenye kasi hizo mbili si lazima ziwe zilezile. Halafu gari lenye bushi zilizokauka na kushikana linaweza kusimama vizuri kabisa kwenye kipimo hicho kwa sababu msuguano ndio unaolishikilia. Gari la mjomba lilifaulu, wakati shokapu mbili za nyuma zilikuwa zinavuja.

Kuna ndugu wa ushauri huu, maskini zaidi, anayesema kata springi mzunguko mmoja, hela sifuri. Ugumu wa springi unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ukiwa na mizunguko minane ukakata mmoja, umeongeza ugumu kwa asilimia 14 na umepunguza nafasi ya kubonyea kwa pamoja. Mwisho uliokatwa hauketi sawasawa kwenye kikombe chake. Na ukikata kwa moto, joto linaharibu ugumu wa chuma karibu na mkato, pale pale mzigo unapoanzia. Sioni cha kutetea hapo.

Wanaonunua springi za mtumba kutoka gari jingine nao wachukue tahadhari. Kipenyo cha waya kinaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 13 badala ya 12, mambo mengine yakiwa sawa, ni ongezeko la karibu asilimia 38. Kwa jicho huwezi kuona tofauti ya milimita moja. Nenda na kalipa dukani, wakucheke tu.

Sasa rudi kwenye Safari. Ukitazama picha za zile 240Z za mashindano, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba zimeinuka. Hazikushushwa! Mantiki yake ni ya moja kwa moja. Pigo la tuta lina nishati fulani, na nguvu inayofika kwenye bodi inategemea umbali uliopewa nishati hiyo kumalizika. Umbali mrefu, nguvu ndogo. Ukishusha gari sentimita 5 umekula sentimita 5 za umbali huo, na kinachobaki kinamalizwa na mpira wa kizuizi, kisha na chuma chenyewe, chuma cha miaka zaidi ya 50 ambacho kwenye Datsun za enzi hizo kina sifa mbaya ya kula kutu. Kwa hiyo mtu anayeshusha 240Z kwa heshima ya historia yake anaheshimu historia ya gari jingine.

Basi hela iende wapi? Kwa maoni yangu, kwenye vitu visivyoonekana kwenye picha, na cha kwanza ni bushi.

Bushi ya mpira ya kawaida ni bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na mpira ulioshikana nayo katikati. Mkono wa gurudumu ukipanda na kushuka, mpira hautelezi, unajipinda na kurudi. Ndiyo maana haupakwi grisi, na ndiyo maana ukichanika gurudumu linaanza kujiendesha lenyewe, linavutwa nyuma kidogo ukifunga breki, linapinda kidogo ukiingia kona. Hakuna shokapu ya bei yoyote inayoweza kurekebisha hilo. Mlio wetu wa "gong'o gong'o" ulikuwa bushi za mikono ya chini. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya koilova.

Hapa nao wauzaji wana ushauri wao: weka za poliyurethani, zinadumu. Kuna ukweli. Poliyurethani haiozi upesi kwa mafuta na inashika mkono usicheze. Ila nyingi zinafanya kazi kwa kuteleza juu ya bomba la ndani, kwa hiyo zinataka grisi, na grisi pamoja na vumbi letu ni msasa. Kwenye 240Z kuna mahali pamoja ambapo ningekataa kabisa kuzijaza: ile fimbo inayozuia mkono wa chini wa mbele usiende mbele wala nyuma. Fimbo hiyo inahitaji kuyumba pande zote kila gurudumu linapopanda. Mpira unairuhusu. Ukiibana kwa kitu kigumu pande zote mbili, kuyumba kunahamia kwenye chuma, na fimbo inapinda kidogo kidogo pale penye nyuzi, mara elfu kwa elfu, mpaka siku inakatika. Wenye magari haya wanalijua tatizo hili kwa muda mrefu, wengi wao wakabakiza mpira walau upande mmoja. Ikikatika ukiwa unafunga breki, gurudumu la mbele halina tena kinacholishika. Mimi ningebakiza mpira pande zote mbili.

Jambo moja la bure, na mafundi wengi wanalisahau: bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishuka mpira unaanza maisha yake ukiwa umeshapindwa, na utachanika mapema. Nimeshuhudia bushi mpya zikilaumiwa kuwa feki kumbe kosa lilikuwa la jeki.

Kwenye shokapu, 240Z ina bahati yake. Bomba la shokapu limeungwa na kitovu cha gurudumu, unafungua nati kubwa ya juu, unatoa vitu vya ndani, unaingiza katriji mpya. Hununui mkusanyiko mzima. Pima urefu na kipenyo cha bomba kabla ya kulipa, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, na mimina mafuta kidogo ndani ya bomba kuizunguka katriji ili joto lipate njia ya kutoka. Katriji za kawaida, zilizotengenezwa kwa springi za kiwandani, zinatosha. Springi za kiwandani ambazo hazijakatika wala kulala upande mmoja, ziache.

Halafu matairi, ambayo watu wanayasahau kabisa kuwa nayo ni springi. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hilo, hata likiwa na kashata nzima, mpira wake umekauka, na hela yako ya bushi haitakuwa na maana. Alaimenti ni ya mwisho, baada ya yote, si kabla.

Mjomba aliuza zile koilova kwa kijana mmoja mwenye haraka (nilimweleza yote haya, akaniona mshamba). Ilipatikana kama nusu ya bei. Kwa nusu hiyo tumepata bushi zote za mbele, katriji nne na maunti za juu za mpira, na springi za zamani zimerudi mahali pake baada ya kukaa stoo chini ya gunia la mahindi. Mbele kumekwisha na kumetulia. Nyuma kuna ile pini ndefu inayopita kwenye kitovu na mkono wa chini, maarufu kwa wenye 240Z kwa kugandana kama imeunganishwa kwa moto. Ya kushoto imetoka baada ya siku mbili za mafuta ya kulainisha na nyundo. Ya kulia bado. Jumamosi tunarudi na presi ya kuazima, na mjomba ameshaniambia safari hii nisishauri chochote, nishike taa.