Diski ya Pili na Soketi ya Tatu

Ukitafuta diski ya kompyuta ya kisasa Kariakoo, huhitaji maelezo mengi. Kati ya Aggrey na Msimbazi utaipata, na muuzaji atakufungia hapohapo. Taja diski ya SCSI, ile ambayo mafundi huiita skazi, uone. Atakutazama mara mbili, ataingia stoo, na akirudi na chuma mkononi itakubidi ujue mwenyewe ni chuma gani.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika katika kiwanda kidogo cha uchapaji upande wa Mnazi Mmoja, kinachoishi kwa kadi za harusi, kalenda na vitabu vya risiti. Kompyuta yake ni ya Pentium II inayotumia Windows 98. Ndani yake mna kadi ya SCSI aina ya Adaptec AHA-2940UW, diski ya zamani ya pini 50 iliyojaa hadi ukingoni, na nje imeunganishwa skana ya mezani. Haijatupwa kwa sababu programu ya skana hiyo haikubali mfumo mpya zaidi, na kwa sababu ndani ya diski kuna kazi za wateja za miaka mingi. Mama aliyechapisha kadi za send-off ya binti mkubwa hurudi akitaka zilezile kwa ajili ya mdogo wake, zibadilishwe jina na tarehe tu. Mwenye kiwanda alitaka nafasi ya kuendelea kuhifadhi, basi.

Fundi aliyeitwa mwanzo alifanya jambo ambalo wengi wangelifanya. Alifungua kasha, akakuta kadi ina soketi tatu: ya pini 50 ndani, ya pini 68 ndani, na ya pini 68 nyuma kwa ajili ya vifaa vya nje. Ya kwanza ilikuwa na diski ya zamani, ya nyuma ilikuwa na skana. Ya kati ilikuwa wazi, naye akachomeka diski mpya humo. Kompyuta ilipowashwa, diski mpya ilionekana mara moja ikapotea mara ya pili, skana haikuonekana kabisa, na Windows ikaganda katikati ya kuwaka. Hukumu ikatoka upesi: diski mbovu, rudisha dukani.

Diski ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la umbo la laini, na hapa inabidi turudi nyuma kidogo. SCSI ilichipuka kutokana na kazi ya Larry Boucher na wenzake katika kampuni ya Shugart Associates, nchini Marekani. Boucher huyohuyo ndiye aliyeanzisha Adaptec mwaka 1981, na mwaka 1986 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, ikaipitisha SCSI kuwa kiwango rasmi. Vifaa vyote hushirikiana laini moja ya nyaya. Kila kifaa kina namba yake isiyofanana na ya mwenzake. Laini ina ncha mbili, na kila ncha hufungwa kwa teminata, yaani vipingamizi vinavyoimeza ishara inapofika mwisho. Pasipo teminata ishara hugonga ncha na kurudi kama mwangwi, ikaziharibu zinazoifuata. Teminata zikizidi mbili, laini hulemewa na ishara hufifia. Hali zote mbili huleta matatizo yanayokuja na kwenda, na hayo ndiyo yanayomfanya fundi ailaumu diski.

Sasa itazame kadi ile. Soketi zake tatu zote ni midomo ya laini moja. Ukitumia mbili, kadi inakaa katikati ya laini. Ukitumia zote tatu, laini inakuwa na tawi, na kitu chenye ncha tatu hakiwezi kufungwa na teminata mbili. Mwongozo wa Adaptec unasema wazi kwamba ni soketi mbili tu kati ya tatu zinazotumika kwa wakati mmoja. Lakini kadi hizi hutufikia zikiwa mtumba, ndani ya kasha, bila karatasi hata moja. Nani angeusoma?

Njia za kutoka zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kununua kadi nyingine ndogo kwa ajili ya skana peke yake. Ni njia safi, ila kompyuta ilibakiwa na nafasi moja tu ya kadi na mwenyewe hakutaka kuimaliza. Ya pili ni kuhamishia diski zote mbili kwenye mkanda wa pini 68, ile ya zamani kwa adapta, na kufunga teminata mwishoni mwa mkanda. Hapo diski mpya ingepata kasi ya megabaiti 40 kwa sekunde. Ya tatu ni kuiweka diski mpya kwenye mkanda uleule wa pini 50, pamoja na ya zamani, na kukubali megabaiti 20.

Fundi wa pili alichagua ya tatu, nami nasema alichagua vyema. Faili za kadi na kalenda ni ndogo, na anayesubiri ni mtu aliyeketi mbele ya CorelDRAW. Tofauti ya megabaiti 20 kwa sekunde hataiona. Sababu nzito zaidi ni ya sokoni. Diski za SCSI za kizazi cha LVD, ambazo ndizo zinazopatikana kirahisi kwa sababu zimetolewa kwenye seva zilizostaafu, kwa kawaida hazina teminata ndani yake. Zinategemea teminata ya kwenye mkanda. Diski unaweza kuokota. Teminata yake ni kitu ambacho wauzaji wengi hawajawahi hata kukiona. Diski ya zamani, kwa upande wake, ina teminata yake yenyewe, inayowashwa kwa jampa moja. Basi ya zamani ikabaki mwishoni mwa mkanda ikiwa na jampa yake, mpya ikakaa katikati isikohitajika teminata, na skana ikafunga ncha ya pili huko nje. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya diski na adapta.

Kuhusu kuinunua hiyo diski, soma kibandiko kabla hujatoa pesa. Ukiona LVD/SE, ni salama: ikiunganishwa na vifaa vya zamani hujishusha yenyewe na kufanya kazi kama wao. Ukiona HVD au neno DIFF peke yake, irudishe, maana umeme wa nyaya zake ni wa aina nyingine na unaweza kuunguza kadi. Hesabu pia pini. Diski za seva nyingi zina soketi moja ya pini 80 inayobeba data na umeme kwa pamoja, na hizo zinahitaji adapta. Zipo nyingine zenye soketi inayofanana nayo sana lakini ya pini 40. Hizo ni za Fibre Channel, na hakuna adapta ya kawaida itakayozifanya SCSI. Tatizo la mwisho halionekani kwa macho: diski zilizotoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhia data huwa zimefomatiwa kwa sekta za baiti 520 au 528 badala ya 512. Kadi itaiona na kuitaja jina, Windows itaikataa. Dawa yake ni programu ya sg_format ya Linux, inayoifomati upya kwa sekta za 512. Ni kazi ya saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati diski inaweza kukataa kusoma chochote mpaka uanze upya. Usiifanye bila UPS.

Diski iliyopatikana ilikuwa ya gigabaiti 18.2, ya pini 80. Diski za namna hii hazina jampa za namba. Namba hupangwa kwenye adapta, kwa pini zenye thamani ya 1, 2, 4 na 8. Kadi yenyewe ni 7, diski ya zamani 0, skana 5. Mpya ikapewa 1, yaani jampa moja tu kwenye pini ya kwanza.

Kisha ikaja sehemu ambayo fundi wa kwanza hakuigusa kabisa. Kompyuta inapowaka, kadi ya Adaptec hukuomba ubonyeze Ctrl na A. Ukikubali unaingia SCSISelect. Humo teminata ya kadi iliwekwa ili nusu ya chini ya laini izimwe na ya juu iwashwe. Kadi ilikuwa katikati ya laini ya pini 50, lakini nyaya za ziada za upande wa pini 68 zilikuwa zinaishia hapo kwenye kadi, hivyo zilihitaji kufungwa hapo. Halafu kwa namba 1 ikazimwa ruhusa ya kujadiliana upana. Diski ya pini 80 ni ya biti 16, na ikiulizwa itasema ndiyo, naweza kupokea biti 16. Haijui kwamba imeunganishwa na mkanda wenye nyaya za biti 8. Kadi ingetuma nusu ya data kwenye nyaya ambazo hazipo. Mwisho ikahakikishwa kwamba msaada wa Int13 Extensions umewashwa, maana bila huo FDISK ya Windows 98 ingeona gigabaiti 8 tu kati ya 18.

Urefu nao ulipimwa. Kwa kasi hii laini haipaswi kuzidi mita 3 ikiwa na vifaa visivyozidi vinne, kadi ikiwa mojawapo. Hapa vilikuwa vinne kamili. Kifaa cha tano kingeshusha kikomo hadi mita 1.5, na waya wa skana peke yake ungekivuka.

Mashine ikawaka, vyote vikaonekana. Wengi wangefungia hapo na kudai ujira. Lakini Windows 98 hugawa herufi kwa utaratibu wake: kwanza patisheni kuu ya kila diski, kisha patisheni za ndani. Diski ya zamani ilikuwa na C na D, na kazi zote za wateja zilikuwa D. Diski mpya ikipewa patisheni kuu, inaichukua D, na ile ya zamani inasukumwa kuwa E. Kurasa za PageMaker zinakumbuka picha zilikokaa, na kesho yake kila kadi ingefunguka ikiulizia picha zake. Fundi aliiundia diski mpya patisheni ya ziada peke yake, isiyo na patisheni kuu, ikawa E bila kumgusa mwenzake. CD ndiyo iliyohamia F.

Umeme na joto viliangaliwa mwisho, na kwa Dar es Salaam havikustahili kuwa mwisho. Diski mbili zikianza kuzunguka kwa pamoja hunyonya umeme mwingi wa volti 12 kwa sekunde chache, na pawa saplai ya umri ule inaweza kushindwa, hasa umeme wa TANESCO unaporudi na kila kitu kinawaka kwa mpigo. Kwenye adapta kuna jampa inayoizuia diski kuanza mpaka kadi iiamuru. Ikafungwa. Diski ya mizunguko 10,000 kwa dakika huchemka pia, kwa hiyo ikawekewa feni yake mbele.

Nina neno moja tu la kumlaumu fundi huyu wa pili: hakumwambia mwenye kiwanda kwamba diski ya pili ndani ya kasha lilelile ni nafasi, si nakala ya akiba. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliwaka moto, na moto hauulizi una diski ngapi. Kwa mashine za pini 50 siku hizi vipo vibao kama BlueSCSI, vinavyojifanya diski ya SCSI huku data ikikaa kwenye kadi ndogo ya SD, na diski ya zamani ikifa hicho ndicho ningemshauri anunue. Kabla ya hapo, wewe mwenye mashine kama hii, nakili kazi za wateja wako wiki hii na nakala hiyo uipeleke nyumbani.