Dole Gumba Kwenye Ncha ya Nyonga

Mgonjwa wa kiuno anasimama pekupeku, nyayo zimeachana kidogo, uzito kaugawa miguu yote miwili. Mtaalamu wa fiziotherapia anachuchumaa nyuma yake mpaka macho yawe usawa mmoja na nyonga, kwani anayetazama kutoka juu huona tofauti isiyokuwepo. Kisha anatafuta ncha za mfupa, mbili za mbele, zinazogusika chini kidogo ya mkanda, na mbili za nyuma, jirani na vile vishimo viwili vya kiunoni.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Dole gumba haliwekwi tu juu ya ncha. Linaanzia chini, linapanda polepole ndani ya nyama hadi likwame kwenye ukingo wa mfupa, na la upande wa pili lifanye vilevile, kwa nguvu ileile. Mgonjwa akiwa amekaza misuli kwa maumivu, mpimaji mzuri huondoa mikono, humwambia avute pumzi, kisha huanza upya. Namheshimu sana mtu anayeanza upya bila kuambiwa.

Ipo pia zana yenye mikono miwili mithili ya bikari, na juu yake kipimo cha mwinamo kinachosoma digrii. Tuseme ncha mbili za mbele zimeachana sentimita 24. Kwa umbali huo, digrii 1 ni kama milimita 4 tu. Kidole kikiteleza kiasi hicho, zana itasoma upogo ambao mgonjwa hana. Ndiyo maana wenye kazi yao hurudia kipimo, na wakiweza humwita mpimaji wa pili asiyejua wa kwanza kapata nini.

Uangalifu huu una uzito kwa sababu wagonjwa wengi huambiwa kwamba kiuno kinauma kwa kuwa nyonga imeteguka, na kwamba itarudishwa mahali pake. Mwaka 1999 Pamela Levangie, wa Marekani, alichapisha matokeo ya kuwapima watu 144 wenye maumivu ya kiuno na wengine 138 wasio nayo. Hakupata uhusiano wa maana kati ya upogo wa nyonga na maumivu. Mwaka 2008 Stephen Preece na wenzake, nchini Uingereza, walipima nyonga 30 za maiti, mifupa mitupu isiyo na misuli ya kuivuta, wakakuta mwinamo wa upande mmoja unaweza kupishana na wa pili kwa hadi digrii 11. Kwa hiyo vidole vyaweza kuwa vimesoma sawasawa kabisa, na bado pasiwe na kilichoteguka: mfupa uliumbika hivyo.

Kazi ninayoistaajabia zaidi ilifanyika Uswidi. Watafiti walipandikiza vijipira vya metali iitwayo tantalamu ndani ya mifupa ya wagonjwa, wakavipiga eksirei kutoka pembe mbili. Mwaka 1989 Bengt Sturesson na wenzake walionyesha kuwa kiungio kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga huzunguka kwa wastani wa digrii 2.5 tu. Mwaka 1998 timu ya mtafiti Tullberg iliwachukua wagonjwa 10, ikawapima kwa mikono, kiungio kikanyooshwa, kisha wakapimwa tena. Mikono ilisema kimerudi. Vijipira vilisema hakijahama.

Wataalamu wa tiba ya mikono waliyaweka mikononi mwa eksirei mambo waliyoyaamini, wakachapisha jibu lililowapinga. Sijui ujuzi mwingine wa mikono uliojihukumu kwa ukali namna hiyo.

Mgonjwa naye anastahili matunda ya ukali huo. Anayeambiwa nyonga imeteguka huanza kuogopa kuinama, kunyanyua ndoo, kumbeba mtoto, na woga huo humdhoofisha kuliko milimita zozote. Fundi aliyeiva hupima kwa umakini uleule, kwani tofauti kubwa ya urefu wa miguu hutaka kuangaliwa, na huandika namba pamoja na kiasi ambacho mkono wake huweza kukosea. Kisha humuuliza mgonjwa ni mwendo gani unaouma, humwomba aufanye taratibu mbele yake, na matibabu huanzia hapo.